Nilichanika mpaka nyuma kwa mtoto wa kwanza, naweza kuzala tena kwa njia ya kawaida?

Swali: "Mama mkunga, jambo. Niko na miaka 27, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa miaka mitatu iliyopita, alikuwa na kilo 4 na gramu 150, walimvuta na ventuzi, kile chombo cha kunyonya kichwa, nikachanika mpaka njia ya haja kubwa. Walinishona palepale. Miezi kama miwili hewa ilikuwa inanitoka bila mimi kutaka, hata kanisani, kisha ikatulia. Sasa niko sawa, isipokuwa nikiharisha lazima nikimbie, nikichelewa kidogo najichafua. Bwana yangu anataka mtoto wa pili na mimi pia namtaka, implanti ya mkono ya kuzuia mimba nataka kuitoa mwezi ujao. Mama mkwe anasema nizale kawaida kama wanawake wote, yaya yangu, dada yangu mkubwa, anasema sezariani direkti, nipasuliwe tumbo. Naogopa vyote viwili. Na kingine naona haya kukisema: tukikutana na bwana bado inauma upande mmoja."

Jambo mdogo wangu, na aksanti kwa kusema mpaka lile la mwisho, juu wengi wanalificha na ndilo linawaharibia nyumba. Niko mkunga hapa Bukavu miaka kumi na tisa sasa, na wanawake wa swali kama lako nimewapokea wengi, wengine wakiwa wameshafika na uchungu, wamebeba mfuko wa nguo na hawajawahi kumwambia mtu kitu. Wewe umeuliza kabla hata ya mimba kuingia. Ndiyo wakati wenyewe.

Nikujibu moja kwa moja: wanawake wengi waliochanika kama wewe wanazala tena kwa chini na hawachaniki tena vile. Lakini kwenye barua yako kuna kitu kimoja kinanizuia kukuambia "nenda tu usiogope", nacho si ule mchaniko wa miaka mitatu iliyopita, ni ile ya kukimbia ukiharisha. Yaya yako na mama mkwe wote wawili wanaangalia siku ile ya kwanza. Mimi nataka kujua ile misuli inafanya kazi namna gani leo, maana ni hiyo itaamua.

Nieleze kidogo. Pale nyuma choo kinapotokea kuna misuli miwili imezunguka kama pete. Fikiria mfuko wa unga umefungwa mdomo na kamba mbili, moja ndani, moja nje. Ya ndani inajibana yenyewe, hata umelala usingizi inashika, ndiyo inazuia hewa na choo cha maji visitoke bila wewe kujua. Ya nje unaibana wewe mwenyewe kwa kutaka, kama vile umo ndani ya gari toka Uvira, tumbo linakukata na shofere hataki kusimama. Mtu aliyebaki na kamba ya nje dhaifu anaishi vizuri kabisa siku choo kiko kigumu, wala hajui kama ana shida, lakini siku tumbo limeharibika kamba inakosa nguvu na anakimbia, na hiyo ndiyo picha naiona kwako. Inaweza kuwa kitu kidogo, inaweza kuwa ile kamba haikuungana vizuri. Kwa barua siwezi kujua, lazima mtu akuguse.

Kwanza lakini tafuta karatasi. Rudi pale ulipozalia uombe wakutolee kwenye rejista au fishi yako, ile kadi ya mgonjwa, waliandika nini siku ile, ni haki yako. Kwetu huku wanaandika kwa Kifaransa na maneno yanachanganya watu, mpaka sisi wenyewe kati yetu. Wakiandika "périnée complet", maana yake ile misuli ya pete ilikatika. Wakiongeza "compliqué", maana yake mchaniko ulifika mpaka ngozi laini ya ndani ya njia ya choo, na hiyo ndiyo kubwa kabisa. Wengine wanaandika kwa degre: degre ya tatu ni misuli, yenyewe imegawanyika mara tatu, a ni chini ya nusu ya unene wa msuli wa nje, b ni zaidi ya nusu, c ni wa nje na wa ndani vyote vimekatika, halafu degre ya nne ni mpaka ndani. Usiridhike na mtu kukuambia "ulichanika sana". Sana kiasi gani? Na nani alishona, wapi, kwa taa gani? Naliuliza hilo la taa makusudi, mchaniko wa namna hiyo unatakiwa kushonwa na mtu anayeujua, kwenye chumba cha kupasulia, mwanamke amechomwa dawa hasikii kitu, maana misuli ikikatika inajivuta na kujificha pembeni na inabidi kuitafuta. Nimeona mama walioshonwa ngozi tu kwa juu, kwa tochi ya simu, umeme umekatika, na nje palionekana pazuri kabisa.

Kama karatasi haipatikani, usikate tamaa, mwili wako unaongea.

Munganga (daktari) wa wanawake au mkunga mwenye uzoefu atakulaza, atavaa ganti, atapaka mafuta na kuingiza kidole kimoja polepole nyuma, kisha atakuambia "bana kama unazuia hewa isitoke". Hapo anasikia kama kidole kinabanwa mzunguko wote, au kama pale mbele, penye namba 12 ukifikiria saa ya ukutani, kuna nafasi laini haishiki. Ni dakika mbili. Haiumizi, haya ndiyo inayouma, na hiyo tunaielewa, mwambie akufunike na kikwembe na asiruhusu watu wa stajeri, wale wanafunzi, kujaa chumbani kama hutaki. Kuna pia ekografi maalum ya kuingizwa nyuma inayoonyesha ile misuli yenyewe, na mashine ya kupima nguvu ya kubana, lakini haviko kila mahali, na kidole cha mtu anayejua pamoja na majibu yako ya ukweli vinaonyesha mengi. Jibu kweli. Akikuuliza kama hewa inakutoka bila kutaka, kama ukipata haja unaweza kungoja hata dakika kumi na tano, kama unakuta nguo ya ndani imechafuka bila wewe kusikia, usiseme "hapana" juu ya haya. Na umwambie pia kama hewa au choo kiliwahi kutokea mbele, kwenye njia ya mtoto, hiyo ni alama ya fistula, tundu kati ya njia ya choo na njia ya mtoto, na hadithi inabadilika kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana woga bila hesabu unakua tu. Chama cha madaktari wa uzazi wa Uingereza kwenye miongozo yao ya 2015 wanasema mwanamke aliyechanika mpaka misuli ya nyuma, akizala tena kwa chini, hatari ya kuchanika vile tena ni kama 5 mpaka 7 kwa kila wanawake 100. Yaani 93 na zaidi haiwarudii. Kwa kulinganisha, kwao wanawake wanaozala mara ya kwanza wanachanika hivyo kama 6 kwa 100, kwa hiyo umerudi karibu na palepale ulipoanzia. Lakini wanasema na neno lingine ambalo watu hawalisomi: kati ya wanawake 100 kama hao wakizala tena kwa chini, 17 mpaka 24 wanaona shida ya kujizuia inazidi, zaidi sana wale ambao baada ya uzazi wa kwanza walikuwa na shida kwa muda kisha ikaisha. Wewe ulikuwa na miezi miwili ya hewa. Kwa hiyo wewe swali lako si kuchanika tena tu, ni kama hiyo misuli itavumilia kichwa kingine kupita hata bila kuchanika. Ndiyo maana nakazania kidole kabla ya kuamua.

Hivi ndivyo mimi ningeamua, na nakuambia kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja. Wakikuangalia wakakuta unabana vizuri mzunguko wote, na ile ya kuharisha ikapungua kwa mazoezi, uzale kwa chini, lopitali, si kwenye santé (kituo cha afya) ndogo ya karibu na nyumbani hata kama mkunga wake ni mtu mwema. Wakikuta pale mbele hapashiki, au ukiendelea kujichafua, hapo yaya yako ana haki, zungumza na munganga kuhusu sezariani ya kupangwa, ambayo kawaida inafanywa kwenye wiki ya 39. Na kama kulikuwa na fistula ikatengenezwa, au kama walikufungua tena baadaye kutengeneza ile misuli, sezariani, hapo sina maneno mengi. Hapa kwetu lopitali ya Panzi, iliyofunguliwa 1999 na Dokta Mukwege, inajua mambo ya fistula kuliko sehemu nyingi za dunia, hakuna sababu ya mwanamke wa Bukavu kubaki na hiyo shida ndani ya nyumba akijifunga vitambaa.

Lakini sezariani usiione kama mlango wa bure. Watu wanasema "direkti" kama vile ni kuchukua moto (pikipiki) kwenda Nyawera. Ni kupasuliwa tumbo, kuna damu, kuna maambukizi, kuna siku ambazo huwezi kubeba bido ya maji wala mtoto wako wa kwanza, na gharama unazijua, uliza mituweli yako, ile bima ya afya, mapema kama inalipa iliyopangwa au ya haraka tu. Halafu kovu linabaki kwenye kizazi. Mimba inayofuata, ukijaribu kuzala kwa chini, lile kovu linaweza kufunguka, ni kama mara moja kwa 200, kidogo, lakini likifunguka uko mbali na lopitali usiku ni kifo. Na kila sezariani inaongeza hatari ya kondo la nyuma kushikamana na kovu. Kwa hiyo lazima uniambie wewe na bwana mnataka watoto wangapi. Kama ni wawili, basi, sezariani moja inabebeka. Kama mnawaza watano, sita, hesabu inageuka, juu unaanza safari ya kovu juu ya kovu. Hili mkae mlizungumze nyumbani kabla ya kuja kwangu, mimi siwezi kulijibu. Tena sezariani haitengenezi misuli iliyokwisha kudhoofika, inaizuia tu isiumizwe zaidi.

Tuseme sasa umeangaliwa na wamekubali uzale kwa chini. Anza CPN (kliniki ya wajawazito) mapema na siku ya kwanza sema neno hili hata kabla hawajakuuliza: "nilichanika mpaka misuli ya nyuma, mtoto alikuwa na kilo 4 na zaidi, walivuta na ventuzi". Waandike juu ya fishi, kwa wino unaoonekana. Omba wakupime sukari, maana mtoto mkubwa wa kwanza anaweza kuwa alama ya sukari ya mimba, na sukari ikiwa juu wa pili naye atakuwa mkubwa. Uzito, jinsi kichwa kilivyogeuka na kuvutwa kwa chombo, hivyo ndivyo vinachana wanawake zaidi. Wa pili akiwa na kilo 3, uso umeangalia mgongo wako, anatoka mwenyewe bila kuvutwa, huo ni uzazi mwingine kabisa na ule wa kwanza. Ekografi ya mwisho inakadiria uzito lakini inakosea, usilie kwa kuambiwa kilo 4 wala usicheze kwa kuambiwa 3.

Nakupa uzazi mmoja uone ninachomaanisha. Mama mmoja wa historia kama yako, alikuwa wa degre ya tatu, alikuja kwangu na mimba ya pili. Alipofika kusukuma hatukumwacha chali na miguu juu, tulimlaza ubavu wa kushoto, mguu wa juu umeshikwa na dada yake. Familia walikuwa wameleta termosi ya uji na nyingine ya maji ya moto ya chai, tukachukua yale ya chai tukayachanganya na baridi mpaka mkono wangu ukayavumilia, nikawa nachovya kompresi safi, nakamua, naiweka pale chini kila anaposukuma, inapoa, nachovya tena. Joto lile linalainisha ngozi, na ni kitu kilichopimwa, kinapunguza michaniko mikubwa. Kichwa kilipoanza kuonekana nikaweka mkono mmoja juu ya kichwa kukizuia kisiruke, mwingine unashika chini, nikamwambia "sasa usisukume, hema, hema kama umepanda Kadutu na bido ya lita 20", na akahema, na kichwa kikatoka polepole kati ya uchungu na uchungu, paji, pua, mdomo, kidevu. Alichanika ngozi kidogo tu, nyuzi mbili. Si muujiza, ni kutoharakisha, na mkunga mmoja asiyekimbizwa na wengine watatu wanaongoja.

Kuna mambo ya kukataa, na umwambie atakayekusindikiza ayajue pia maana wewe saa hiyo hutakuwa na nguvu ya kubishana. Mtu kupanda au kusukuma tumbo kwa mkono ili mtoto atoke, hapana, Shirika la Afya Duniani walisema wazi 2018 kwamba hilo halifai. Mimi mwenyewe nilianza kazi kwenye materniti moja ambapo tulifundishwa kulifanya, na nililifanya, na linanisikitisha mpaka leo. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, hapana, zinaleta nguvu ambazo hakuna mtu anazipima, na mtoto anarushwa nje. Na ile epizio, kukatwa na makasi: wengine watakuambia "ulichanika mara ya kwanza kwa hiyo tutakukata", lakini kukata kila mtu kwa mazoea hakufai, na hakuna ushahidi kwamba kukukata tu kwa ile historia kunakulinda. Ikihitajika kweli, mfano mtoto amechoka au wanavuta, ikatwe kwa pembeni, kwa pembe ya digrii 60 toka katikati wakati ngozi imevutika, isikatwe kamwe chini moja kwa moja kuelekea nyuma. Makasi yakielekea nyuma ndiyo yanaifungulia misuli njia.

Baada ya kuzala, hata kama hujachanika kwa macho, omba waingize kidole nyuma wahakikishe kabla ya kukutoa kitandani. Michaniko mingi inayotuletea shida haikushonwa vibaya, haikuonekana tu. Wakikuta, ushonwe chumba cha kupasulia, upewe antibiotiki, na siro ya kulainisha choo siku kama kumi, upate maji mengi, papai, lengalenga, maharagi. Kukalia maji ya moto sana ya chumvi, kama mama zetu wanavyolazimisha, kunachoma kovu changa. Maji ya vuguvugu safi ya kujiosha yanatosha, kisha kausha vizuri. Mama mkwe mweleze kwa heshima, anataka kukusaidia.

Mazoezi usingojee mimba, anza leo usiku. Bana kama unazuia hewa na mkojo kwa pamoja, vuta juu na ndani, bila kukaza matako na bila kushika pumzi, shika mpaka uhesabu kumi kama unaweza, achia kabisa, pumzika, rudia. Angalau mara nane, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kuruka. Wengi wanafanya wiki moja wanasema haisaidii. Fungamanisha na kitu unachofanya kila siku, ukichota maji, ukinyonyesha, ukingoja maharagi yaive.

Na yale maumivu na bwana. Upande mmoja, miaka mitatu, kwa kawaida ni kovu: uzi ulivuta ngozi, au kuna kijinundu kidogo, au msuli umejikaza pale kwa sababu unaogopa. Mwambie yule atakayekuangalia akuguse na pale, akuonyeshe kwa kioo, na unaweza kufundishwa kupapasa lile kovu mwenyewe na mafuta safi, polepole, kila siku dakika tano. Wengine linahitaji kutengenezwa na wanapona kabisa. Lakini mwambie bwana kwanza. Wanaume wengi ninaowaeleza hapa wanashtuka, walifikiri mke amewachoka, na akijua atapunguza mwendo na mtabadilisha namna ya kulala ili wewe ndiye unayeongoza. Akikubali kuja, mlete siku ya kipimo, abaki nje ya pazia kama unataka, asikie tu majibu kwa masikio yake asije kuyasikia kwa mama yake.

Implanti basi. Miaka mitatu imepita, muda wa kupumzika unao, huna deni hapo, maana wanashauri angalau miezi 24 toka mtoto azaliwe mpaka mimba nyingine. Lakini usiitoe mwezi ujao. Nenda ukaangaliwe kwanza, fanya ile miezi mitatu ya mazoezi, angaliwa tena, kisha uitoe. Mtu akikubonyeza nyumbani mwambie mkunga amekataa, mtaje mkunga, mimi nitabeba.